Vichwa kumi na moja juu ya maji

Toka ile tarehe 3 Oktoba 2024, hapa Goma kila mutu anasema paka juu ya ziwa. Boti ilitoka Minova, imejaa kupita kipimo, ikazama karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea ndugu zao na magunia yao. Barabara ya Sake na Minova ilikuwa imekatwa na vita, basi mwenye kutaka kuuza ao kununua alikuwa anapita mu maji. Wasomaji wetu wanajua hiyo yote, wengine walilia mutu wao pale bandarini. Hatutarudilia.

Tunataka kuelezea siku ine ambazo sisi, wachimbaji wa Kalengera, tulienda ku maji bila kulazimishwa na mutu, bila mzigo, bila kukimbia risasi. Tulienda konje. Tukaogelea toka kisiwa mpaka kisiwa. Kuna watu wanatuchekaka mpaka leo juu ya ile safari, na mu sendika yetu kuna walioacha kutusalimia kwa miezi. Lakini kisha Kituku, wale wale ndio wanakuja kutuuliza: "Muliwezaje? Na watoto wetu munaweza kuwafundisha?"

Ilikuwa kiangazi cha 2019. Kalengera iko juu ya barabara ya Rutshuru, ukiisha kupita Kibumba, Rugari na Rumangabo. Ni inchi ya maharagi na mahindi. Wanaume wengi wanaacha shamba kwa bibi na kwenda kuchimba, wengine Rubaya, wengine mbali Walikale, na wanarudi kisha miezi mitatu ine, kama wanarudi. Ziwa hatukulijua. Maji tuliyoijua ni ile ya mvua inayoharibu daraja, na ile inayoingia mu shimo usiku. Mchimbaji anaogopa maji kuliko jiwe. Jiwe likitaka kuanguka linasemaka kwanza, linatoa vumbi, linalia kidogo. Maji haisemi.

Wazo halikutoka kwetu wanaume. Lilitoka kwa mama moja aliyezaliwa Idjwi, Muhavu, aliyeolewa kwetu Kalengera na kazi yake ilikuwa kuosha mchanga wa coltan. Mwezi wa ine mwaka ule boti ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi mwenyewe alitangaza kwamba watu 150 hawaonekane. Kati yao alikuwa mtoto wa dada wa muzee wetu, yule aliyekuwa kiongozi wa timu mu shimo kwa miaka zaidi ya makumi mbili. Ku matanga, watu walikuwa wanasema sawa kawaida: ni siku yake, ni Mungu. Yule mama akasimama, akasema mbele ya wote: "Hapana. Huyu mtoto alikuwa na mikono ine sawa ya ngombe wawili. Alikufa juu hakuna mutu alimuonyesha kulala juu ya maji. Kwetu Idjwi mtoto wa miaka tano anajua."

Watu walikasirika. Si maneno ya kusema ku kilio. Lakini muzee hakukasirika. Kisha siku ya arobaini alimuita, akamuuliza: "Mama, mutu muzima sawa mimi, anaweza kujifunza?"

Ndipo sisi tukaanza kuhesabu makuta.

Tuseme ukweli juu ya ile mabishano. Wenzetu walituambia: sendika haina hata ya kununua dawa kwa waliovunjika miguu, na ninyi munaenda kujitia mu maji sawa watalii? Walikuwa na haki nusu. Hatukugusa sanduku ya sendika hata franka moja. Kila mutu alitoa yake, na tulitumia miezi miwili kuikusanya. Lakini nusu ingine tuliikataa na tunaikataa hata leo. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi siku moja ya kazi ya konje kwa kila mwezi aliyomaliza, na kipimo hicho ni cha chini kabisa. Ni ya mwenye kontra. Mchimbaji wa mkono hana kontra na mutu. Iko na karte yake kama aliweza kuilipia, na toka sheria ya mines ilipobadilishwa mu mwezi wa tatu 2018 anatakiwa kuwa ndani ya koperative, lakini siku ya mapumziko yake inaandikwa wapi? Haiandikwe. Anapumzika akigonjwa ao shimo likifungwa.

Moja kati yetu, aliyesoma historia mu humanités, alitukumbusha mambo ya Ufaransa. Mwaka wa 1936, kisha migomo mikubwa, wafanyakazi wa kule walipata kwa mara ya kwanza siku kumi na tano za konje yenye kulipwa, na familia nyingi za wachimbaji wa makaa walipanda treni kwenda kuona bahari ambayo hawajaiona hata siku moja. Matajiri waliwacheka, sawa vile sisi tulichekwa. Hatusemi tuko sawa na wao. Wao walilipwa, sisi tulijilipia.

Tulikuwa kumi na moja wa kuogelea: wanaume tisa, yule mama, na mama mwingine mjane aliyekuwa anachagua mawe pamoja naye. Muzee alikuwa wa kumi na mbili. Yeye alisema wazi toka mwanzo: "Mimi nitaenda kuangalia. Maji siingie."

Goma tulifika siku chache kisha mgonjwa wa kwanza wa Ebola kutangazwa mu mji, tarehe 14 Julai. Ku kizuizi tulinawa mikono na maji ya kloro, wakatupima joto ku kipaji. Moja wetu alikuwa na joto juu ya kubanana mu gari, tukangojea saa moja mzima mu kivuli mpaka akapoa. Ile saa moja tuliogopa kuliko siku zote zingine.

Mu boti ya kwenda Idjwi, magile ya kuokoa maisha yalikuwako, sawa vile rais aliamuru kisha ajali ya Kalehe. Lakini yalikuwa yamefungwa kwa kamba, fungu moja kubwa, na watu walikuwa wameyakalia sawa kiti. Muzee alikuja mbele ya muntu wa boti, akamwambia polepole: "Papa, mu shimo, kofia ya chuma iliyotundikwa ku mlango haijaokoa mutu hata moja." Yule akacheka. Kisha akaona muzee hacheke. Akafungua kamba. Ilikosa magile sita.

Wasomaji wetu wa mbali, wacha tuwaambie kidogo juu ya hili ziwa, kwani tunaishi pembeni yake bila kulijua. Ziwa Kivu liko juu ya urefu wa metre 1.460, na pale linapofika chini kabisa ni metre 485. Halina mamba, halina kiboko, si sawa na Ziwa Edouard kule Vitshumbi ambako viboko wanapanda mpaka mu nyumba za watu. Hata sambaza si wa hapa: Wabelgiji walimuleta toka Tanganyika karibu na mwaka wa 1960, leo anakulisha nusu ya Goma. Chini kabisa, maji imebeba gazi nyingi sana, methane na ile ingine ambayo wazungu wanaita gaz carbonique. Watu wengi wanatuuliza kama ile gazi inaweza kuvuta muogeleaji. Hapana. Imelala mbali chini, imefinywa na uzito wa maji. Gazi ya kuogopa ni mazuku, ile inatoka mu udongo wa volkano na kulala mu mashimo na mabonde, sana upande wa Goma mpaka Sake, hata pembeni ya ziwa. Wachimbaji wataelewa haraka: ni ndugu ya ile hewa mbaya ya chini ya shimo. Haionekane, haina harufu ya kukutambulisha, na ukishuka na briquet, moto unazima. Ni ile ile. Inalala chini usiku wakati upepo umesimama, na asubuhi mapema iko bado pale, mpaka jua na upepo viisukume.

Idjwi tulipokelewa sawa wafalme maskini. Familia ya yule mama walitutayarishia ugali ya muhogo, sambaza ya kukauka, na mananasi, mananasi ambayo hatujakula tena tamu sawa ile. Tulienda kujionyesha kwa chefu wa kijiji na kwa watu wa usalama. Mu ofisi moja waliandika majina yetu mara tatu, na walipoandika mara ya tatu tulielewa kwamba wanangojea "sukari". Walitazama kazi yetu ku karatasi, wakauliza: "Wachimbaji? Mumekuja kutafuta nini mu maji? Kuko dhahabu?" Tukasema tumekuja kuogelea. Hawakuamini. Kijana moja alitufuata siku mbili nzima akituangalia toka mu kahawa.

Kahawa, tulisema. Kisiwa kile kimejaa kahawa, na ndani ya hiyo kahawa kuko huzuni ambayo hatukuijua. Wazee walitueleza vile kwa miaka mingi, juu hakukuwa soko la haki upande wetu, wanaume walikuwa wanajaza kahawa mu mitumbwi usiku na kuvuka kwenda kuuza Rwanda. Upepo ukija, mtumbwi mzito unakunywa maji. Wengi hawakurudi. Koperative za kahawa zilizaliwa kule kati ya hiyo shida, na wajane waliingia ndani. Muzee wetu aliwauliza maswali mengi: bei, kipimo, nani anashika mizani. Ni mutu wa sendika hata akiwa konje.

Siku ya kwanza hatukuenda kisiwa chochote. Mama alitupanga mu maji ya kifua, wanaume wazima, wengine na watoto saba nyumbani, na akatuambia tuweke uso ndani na tupulize. Watoto wa kijiji walikuja kuangalia, walicheka mpaka wakaanguka. Mwili wa mchimbaji ni mubaya kwa maji. Mabega makubwa, miguu mizito, na pumzi fupi juu ya vumbi. Tulizama sawa magunia. "Munapigana na maji," alikuwa anasema. "Maji si jiwe. Acheni kupiga. Laleni." Alishika kila moja kichwa kwa mkono wake, mu mgongo, uso juu, mpaka shingo ikaacha kukaza. Kwa wengine ilichukua nusu saa. Kwa moja ilichukua siku nzima, na huyo moja ndiye anaandika hii habari kwa niaba ya wote.

Kulala juu ya mgongo: ndiyo yote aliyotufundisha siku ile. Alikataa kutuonyesha kupiga mikono mbele ya kila mutu kuweza kulala hapo na kuhesabu mpaka mia mbili.

Siku ya pili tulipiga mikono. Siku ya tatu, saa kumi na mbili ya asubuhi, tukaenda.

Pembeni ya Idjwi kuko visiwa vidogo vidogo, vingine na mashamba na nyumba mbili, vingine na mbuzi tu. Toka ufuko mpaka cha kwanza tunafikiri ilikuwa metre mia tano. Hatukupima. Mama alisema ni muda wa kuchemusha chai. Toka cha kwanza kwenda cha pili ilikuwa kidogo zaidi. Kila moja wetu alikuwa amefunga ku kiuno kamba ya metre moja na nusu, na nyuma ya kamba bidon ya litre tano, ya njano, tupu, kifuniko kimekazwa na plastiki. Tunajua wazungu wanaoenda Ugiriki kuogelea visiwa kwa visiwa wananunua mpira wa rangi ya machungwa kwa kazi ile ile. Bidon yetu ilikuwa na harufu ya mafuta ya ngazi.

Muzee alikaa mu mtumbwi, mbele, na mwenyeji moja akipiga kasia nyuma. Kazi yake ilikuwa moja: kuhesabu vichwa. Ni kazi aliyoifanya maisha yake yote, kusimama ku mlango wa shimo jioni na kuhesabu wanaotoka. Alihesabu kwa sauti, bila kusimama. "Moja, mbili, tatu..." mpaka kumi na moja, na kuanza tena. Mu maji husikii kitu kingine: pumzi yako, na ile sauti ya muzee ikienda na kurudi.

Maji ilikuwa baridi kidogo, si sana. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi na taa zao zimezimwa, wakatupigia kelele: "Munatoroka nini?" Chini yetu ilikuwa bluu, kisha nyeusi. Ziwa hili halishuke polepole. Hatua chache toka ufuko na udongo unakwisha. Moja wetu alifungua macho akaangalia chini, akasema kisha kwamba ilikuwa sawa kusimama juu ya mlango wa shimo lisilo na mwisho, tofauti ni kwamba hauanguke. Tulifika kisiwa cha kwanza wote kumi na moja. Tulikaa juu ya mawe, tukitetemeka na kucheka sawa watoto. Mbuzi walitukimbia.

Kosa tulilifanya pale. Tulikaa sana. Tulikula nanasi, tukapiga mapicha, jua likapanda. Mu kiangazi upepo wa Kivu unaamukaka na jua, na mama alikuwa amesema tuwe tumemaliza mbele ya saa tatu. Tulitoka kwenda kisiwa cha pili ikiwa karibu saa ine. Katikati ya njia maji ikaanza kuvunjika, mawimbi madogo lakini ya karibu karibu, yale yanakujazaka kinywa kila ukitaka kuvuta pumzi.

Muzee alihesabu: "...nane, tisa, kumi." Kimya. Akaanza tena. "...nane, tisa, kumi." Ile kimya tuliisikia wote. Mchimbaji yeyote anajua hiyo kimya.

"Beko kumi! Geuza! Geuza!"

Aliyekosekana alikuwa kijana wetu kuliko wote, aliyekuwa anaogelea muzuri kuliko sisi. Alikuwa ameenda mbele peke yake kutaka kufika wa kwanza, na upepo ulimsukuma pembeni, kisha musuli wa mguu ukafunga. Hakupiga kelele. Alitueleza kisha kwamba hakuwa na pumzi ya kupigia kelele, na wasomaji walioko na watoto washike hiyo: mutu anayezama hapigake kelele sawa mu filme. Alifanya kitu kimoja tu: aligeuka, akalala juu ya mgongo, akavuta bidon juu ya kifua. Muzee aliona rangi ya njano nyuma ya wimbi. Mtumbwi ulipofika karibu, kijana hakuweza kushika kasia, vidole havikukubali tena. Muzee, mutu asiyejua kuogelea, alijinyoosha mpaka maji ikamfika ku mabega, akashika ile kamba ya kiuno na kumvuta sawa tunavyovuta mutu toka mu shimo, kwa nguvu za mgongo, bila kusema kitu.

Kisha akaendelea kuhesabu. Ilikuwa moja mu mtumbwi na kumi mu maji. Hakuacha kuhesabu hata yule wa mu mtumbwi.

Kisiwa cha pili tulikifika. Kurudi tulirudi na mtumbwi, mafungu mafungu, na hakuna aliyesikia haya. Jioni muzee alishuka peke yake ku maji, akaingia mpaka kifua, na nguo. Mama alimufuata, akasimama pembeni yake. Hawakuongea. Alikaa pale mpaka giza likaingia, kisha akatoka akaomba chai. Mpaka leo hajue kuogelea. Anasema kazi yake ni kuhesabu.

Watu wanafikiri mambo haya ni ya wazungu. Lakini mwaka wa 2022, hapa karibu, Gisenyi, walifanya mashindano makubwa ya Ironman, na ziwa lile lile letu liliogelewa kwa kilometre karibu mbili na watu toka inchi nyingi, wakati watu wa Goma waliokaa pembeni ya maji ile ile hawajui hata kulala juu yake. Na Zanzibar, mu kijiji cha Nungwi, toka 2011 kuko kazi ya kufundisha wasichana kuogelea, na nguo zao za kufunika mwili, bila kuvunja heshima ya mutu. Kule pia walizika watu wengi wa meli: mwaka ule ule wa 2011 Spice Islander ilizama.

Sisi tulikuwa na mpango wa kurudi Idjwi mu 2020. Covid ilifunga njia. Kisha mwishoni mwa 2022 vita ilifika Rutshuru, na Kalengera yetu ikabaki nyuma. Kati ya wale kumi na moja, wanne walikimbilia mu makambi pembeni ya Goma, moja iko Walikale, wawili hatuna habari zao. Kijana wa bidon anapiga moto hapa mjini. Mama na muzee wako Bulengo, karibu na maji.

Na pale Bulengo watoto wanaenda ku ziwa kila siku, kuchota, kufua, kuoga. Toka Oktoba mama amechukua kumi na tano kati yao kila siku ya posho. Sheria zake ni chache na hacheze nazo. Haendi mbele ya saa tatu ya asubuhi, juu ya mazuku. Pale Idjwi asubuhi mapema ilikuwa nzuri, hapa ni kifo, na mahali popote penye shimo ao ambapo unaona ndege ao panya amekufa, wanapita mbali. Anarudi mbele ya saa tano, juu ya upepo. Hakuna kupiga mikono mbele ya kujua kulala. Na hakuna mtoto anaingia bila bidon.

Bidon ndiyo inakosekana. Bidon ni ya maji ya kunywa, na mzazi hawezi kuitoa kwa mchezo. Tuko na tisa, watoto ni kumi na tano, basi wengine wanangojea ku mawe. Mwenye kuwa na bidon ya litre tano yenye kifuniko kizima, hata ile ya mafuta, ailete ku kiti cha sendika ao kwa muzee mwenyewe siku ya posho. Mutamuona haraka. Anakaa juu ya jiwe kubwa karibu na maji, mgongo kwa jua, na anahesabu kwa sauti.